Majibu ya homoni bila siku ya mzunguko: uchambuzi wa kisa cha wanandoa waliotafuta mtoto wa pili

Usuli

Wanandoa hawa wanaishi katika mji wa mpakani mashariki mwa Uganda. Huko Kiswahili ni lugha ya soko na ya maegesho ya malori, na kwao ni lugha ya nyumbani pia. Majina, mji, kampuni, hospitali na maabara vimeondolewa, na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa.

Mke ana miaka 32 na anauza vitenge. Mume ana miaka 41, ni dereva wa lori la masafa marefu, na mara nyingi hukaa njiani wiki mbili au tatu mfululizo. Wana mtoto mmoja wa miaka sita. Baada ya kujifungua, mke alitumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa karibu miaka mitatu, kisha akaacha. Kesi ilipoanza kufuatiliwa vizuri, ilikuwa imepita miezi 26 tangu sindano ya mwisho.

Sindano hiyo huchelewesha kurudi kwa uzazi. Kwa wastani mwanamke hushika mimba miezi tisa au kumi baada ya sindano ya mwisho, na wengine huchukua zaidi ya mwaka. Kwa hiyo miezi 26 si miezi 26 ya kutafuta mtoto. Hata hivyo ni muda wa kutosha kuanza uchunguzi, kwa sababu kanuni ya kawaida ni miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita kama mwanamke amefikisha miaka 35.

Hedhi ilikuwa imerudi, lakini mzunguko ulikuwa mrefu, siku 34 hadi 36. Mke alikuwa ameongezeka uzito, anachoka mapema, anasikia baridi asubuhi wakati wenzake wanalalamikia joto, na nywele zilikuwa zikikatika. Akibonyeza matiti, matone ya maziwa yalitoka. Hakuna aliyemuuliza kuhusu dalili hizi mpaka alipofika kituo cha tatu.

Mume alikuwa na bima ya afya ya kundi kupitia mwajiri wake, nayo iliwahusu mke na mtoto. Uganda haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Bunge lilipitisha mswada wake mwaka 2021, lakini haukutiwa saini kuwa sheria. Familia nyingi zenye bima huipata kazini, na masharti yake yamo katika mkataba kati ya mwajiri na kampuni ya bima. Mfanyakazi hupewa kadi, ila mkataba wenyewe mara nyingi hauoni.

Kifurushi cha homoni

Mume akiwa safarini, na mama mkwe akiuliza kila Jumapili, mke alikwenda peke yake kwenye maabara ya mjini na kununua kile walichokiita kifurushi cha homoni kwa shilingi 320,000. Alitolewa damu mara moja, ikapimwa vitu sita: FSH na LH (homoni za kukomaza na kutoa yai), estradioli (hupanda yai linapokomaa), projesteroni (hupanda baada ya yai kutoka), prolaktini (homoni ya maziwa) na testosteroni (homoni ya kiume).

Kasoro ilikuwa ndani ya kifurushi chenyewe. FSH husomwa mwanzoni mwa mzunguko, siku ya 2 hadi ya 5, siku ya 1 ikiwa siku damu ilipoanza kutoka vizuri. Projesteroni husomwa karibu siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Hakuna siku moja inayofaa zote mbili, kwa hiyo anayeuza vipimo hivi katika utoaji mmoja wa damu anauza angalau jibu moja lisilosomeka.

Siku ya mzunguko haikuandikwa kwenye karatasi. Baadaye ilihesabiwa kutoka kwenye simu ya mke: ilikuwa siku ya 20 ya mzunguko wa siku 35. Majibu yalikuwa haya: FSH 9.8, LH 24, estradioli pg 265 kwa mililita, projesteroni ng 0.9 kwa mililita, prolaktini ng 44 kwa mililita, na testosteroni ya kawaida.

Kwenye zahanati alikoyapeleka aliambiwa ana matatizo matatu. La kwanza, LH imezidi FSH zaidi ya mara mbili, kwa hiyo ana PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi vidogo. La pili, projesteroni iko chini, kwa hiyo yai halipevuki. La tatu, prolaktini iko juu. Alipewa metfomini (dawa ya sukari), klomifeni ya kupevusha mayai kwa miezi mitatu, na bromokriptini ya kushusha prolaktini. Dawa, ziara na ultrasaundi tatu vilifikisha matumizi yote shilingi 970,000.

Sasa tuyasome majibu yaleyale tukijua siku. Katika mzunguko wa siku 35, yai hutoka karibu siku ya 21, kwa sababu nusu ya pili ya mzunguko ndiyo isiyobadilika sana, nayo huchukua siku 14 hivi. Siku ya 20 ni mkesha wa yai kutoka. Saa hizo LH hupanda ghafla, FSH hupanda kidogo pamoja nayo, estradioli iko kileleni kwa sababu yai limekomaa, na projesteroni iko chini kwa sababu yai bado halijatoka. Karatasi iliyosomwa kama ugonjwa ilikuwa inaonyesha yai likijiandaa kutoka. Zaidi ya hapo, PCOS haithibitishwi kwa uwiano wa LH na FSH. Huangaliwa mpangilio wa hedhi, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na sura ya ovari kwenye ultrasaundi. Mbili kati ya hizo tatu zinatakiwa, baada ya kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo.

Jibu moja tu ndilo lililostahili kufuatiliwa, nalo ni prolaktini ya 44. Kikomo cha juu kwa mwanamke asiye na mimba ni karibu 25 katika maabara nyingi. Lakini prolaktini hupanda kwa usingizi, kwa msukosuko wa moyo, kwa kuguswa matiti na kwa dawa kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Hatua sahihi ilikuwa kurudia kipimo saa mbili au tatu baada ya kuamka, mgonjwa akiwa ametulia, na kupima pamoja nayo TSH, homoni inayohimiza tezi ya thairoidi iliyo shingoni. TSH haikupimwa. Bromokriptini ilimletea kichefuchefu na kizunguzungu, akaiacha baada ya siku tisa bila kumwambia mtu.

Dai lililokataliwa

Mume aliporudi alikusanya risiti zote na kuzipeleka kwa ofisa wa wafanyakazi ili bima iwarudishie fedha. Jibu lilikuja likiwa na sababu tatu: kituo hakimo katika orodha ya bima, hakukuwa na kibali cha awali, na matibabu ya ugumba hayamo katika mafao.

Sababu mbili za kwanza zinakubalika kabisa na zingeweza kuepukwa. Kabla ya kipimo chochote kisicho cha dharura, mwenye kadi anahitaji karatasi mbili kutoka kwa mwajiri: jedwali la mafao lenye viwango vya mgonjwa wa nje na wa kulazwa, na ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Karatasi hizi hutolewa ukiziomba, na dereva huyu hakuwahi kuziomba katika miaka mitano ya kazi.

Sababu ya tatu inahitaji kutazamwa kwa makini. Kwenye fomu, katika sehemu ya utambuzi wa ugonjwa, daktari wa zahanati aliandika maneno mawili: anatafuta mtoto. Hakutaja maziwa, uchovu, uzito wala hedhi kuchelewa. Kampuni ya bima ilisoma kilichoandikwa. Mikataba mingi ya kundi hailipii uchunguzi na tiba vinavyolenga kupata mimba, kwa hiyo fomu ile ilijifunga yenyewe. Ubaya zaidi, neno ugumba likaingia katika kumbukumbu za mke. Wiki sita baadaye alipokwenda hospitali iliyomo kwenye orodha akilalamikia uchovu, kadi ilikataliwa kaunta kwa sababu hiyohiyo.

Kuanza upya, na kalenda mbili mezani

Kituo cha tatu kilikuwa kliniki ya magonjwa ya wanawake Kampala, iliyomo katika orodha ya bima. Walikwenda wote wawili, na hilo peke yake liliokoa muda. Swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: "Mama, siku uliyotolewa damu hii ilikuwa ya ngapi tangu hedhi ianze?" La pili aliliuliza kwa mume: "Na wewe mzee, siku hizo ulikuwa wapi?"

Mke alikuwa na tarehe za hedhi kwenye simu. Mume alikuwa na daftari la safari, kwa sababu kampuni hulipa posho kwa safari. Kalenda hizo ziliwekwa pamoja kwa miezi 14. Siku za rutuba ni sita: tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Kwa mzunguko wa siku 35 hiyo ni takriban siku ya 16 hadi ya 21. Katika mizunguko 12 iliyohesabiwa, mume alikuwa nyumbani siku hizo katika mizunguko mitatu tu, na katika mmojawapo alilala usiku mmoja. Katika miezi mitatu ya klomifeni alikuwapo mwezi mmoja.

Hesabu hii haikugharimu chochote, na kwa maoni yetu ndiyo iliyobadilisha kesi nzima kuliko kipimo chochote cha damu. Wanandoa waliojiona wameshindwa kwa miaka miwili walikuwa wamepata nafasi halisi tatu katika miezi hiyo 14. Askari, madereva, wavuvi wa visiwani na walinzi wa kazi za usiku wote wamo katika hali hii, na anayewahudumia bila kuuliza ratiba atawatibu ugonjwa ambao huenda hawana.

Hata hivyo kliniki haikuishia hapo, kwa sababu dalili za mke zilikuwa za kweli na mume hakuwa amepimwa kamwe.

Shahawa: kipimo kilichorukwa

Mume alikuwa amekataa mwanzoni. "Mimi nimeshazaa," alisema, na mtoto wa miaka sita alikuwa ushahidi wake. Kuzaa zamani hakuthibitishi hali ya leo. Upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya visa vya kukosa mtoto, na kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko karibu vyote anavyofanyiwa mwanamke. Kilipaswa kuja kabla ya klomifeni. Kumpa mwanamke dawa ya kupevusha mayai kabla ya kujua hali ya mbegu ni kupoteza miezi yake.

Kipimo cha kwanza kiliharibika. Alitoa sampuli nyumbani, akaiweka kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji baridi, na kuipeleka kwa matatu hadi maabara ya mji mwingine kwa zaidi ya saa mbili. Jibu lilisema mbegu zinazokimbia mbele ni asilimia 8 na kwamba nyingi zimekufa. Kwa wiki mbili mume hakuzungumza na mtu nyumbani kuhusu jambo hilo.

Sampuli inatakiwa kufika mezani kwa mpimaji ndani ya saa moja, ikiwezekana nusu saa, isipoe wala kupata joto kali. Chombo kiwe safi kutoka maabara, na mwanamume awe amejizuia siku mbili hadi saba. Kondomu ya kawaida haitumiki kukusanyia, wala mate na mafuta, kwa sababu huua au hudhoofisha mbegu. Tone la kwanza lisipotee, maana ndilo lenye mbegu nyingi, na likipotea aseme.

Kilirudiwa kliniki, katika chumba kilicho jirani na maabara, baada ya siku nne za kujizuia. Ujazo ulikuwa mililita 2.6, mbegu milioni 11 kwa mililita, zinazokimbia mbele asilimia 26. Viwango vya chini vya rejea vya Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni mililita 1.4, milioni 16 kwa mililita, milioni 39 kwa sampuli nzima, na asilimia 30 zinazokimbia mbele. Jumla yake ilikuwa karibu milioni 29. Iko chini, lakini mbali na sifuri. Viwango hivi vinatokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na asilimia tano yao walikuwa chini ya mstari. Aliye chini yake kidogo hajafungiwa mlango.

Daktari alipomhoji, ilijitokeza kuwa alikuwa na malaria yenye homa kali wiki sita kabla. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo homa ya leo huonekana katika shahawa za mwezi ujao na unaofuata. Alichunguzwa korodani, hazikuwa na uvimbe wala mishipa iliyovimba. Alishauriwa apunguze mirungi na sigara, na arudie kipimo baada ya miezi mitatu. Hakupewa vidonge vya kuongeza mbegu.

Prolaktini iliyoshuka bila sababu

Damu ya mke ilipimwa TSH, T4 huru (homoni ya tezi ya thairoidi yenyewe) na prolaktini. Prolaktini ilikuja 445, na wanandoa walishtuka wakidhani imepanda mara kumi kutoka 44. Haikupanda. Maabara ya kwanza iliandika nanogramu kwa mililita, ya pili mIU kwa lita. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa takriban 21, hivyo 445 ni sawa na 21, yaani kawaida. Projesteroni nayo hubadilika kwa 3.18 ukitoka nanogramu kwa mililita kwenda nanomoli kwa lita, na estradioli kwa 3.67 ukitoka pikogramu kwa mililita kwenda pikomoli kwa lita. Nambari isiyo na kipimo pembeni yake hailinganishwi na nyingine.

TSH ilikuwa 3.4, ndani ya mipaka. T4 ilikuwa ya kawaida upande wa juu. Kwa karatasi, mke alikuwa amepona.

Daktari hakuridhika, na hapa ndipo umakini wake ulipoonekana. Maziwa yalikuwa bado yanatoka. Mgonjwa alikuwa mzito, baridi na mchovu. Bromokriptini, aliyodhaniwa kuitumia, alikiri sasa kwamba aliiacha baada ya siku tisa, miezi mingi iliyopita. Kwa nini basi prolaktini ishuke nusu? Aliulizwa anatumia nini kingine, hata cha dukani, hata cha mitishamba. Akatoa kwenye mkoba chupa ya vidonge vya nywele na kucha, bayotini miligramu 10 kwa siku, aliyoinunua nywele zilipoanza kukatika.

Bayotini ni vitamini, haina sumu, lakini mashine nyingi za kupima homoni hutumia bayotini yenyewe kama gundi ya kunasa homoni. Ikijaa katika damu ya mgonjwa, huvuruga kipimo. Homoni kama TSH, prolaktini, FSH na LH hutoka chini kuliko zilivyo. Nyingine kama T4, estradioli na projesteroni hutoka juu kuliko zilivyo. Mvurugo huo unaweza kuficha ugonjwa wa tezi ya thairoidi kabisa, kwa kuwa TSH hushushwa na T4 hupandishwa kwa pamoja.

Aliacha vidonge siku tatu kamili, kisha akapimwa tena katika maabara ileile. TSH ilikuwa 12.6, T4 huru chini ya kiwango, prolaktini 890, sawa na 42 kwa kipimo cha kwanza. Tezi ya thairoidi ilikuwa inafanya kazi kidogo mno. Ubongo unapoihimiza tezi hiyo, homoni ya ubongo inayoanzisha himizo hilo (si TSH yenyewe) huchochea pia prolaktini. Maziwa, mzunguko mrefu, uzito na nywele vyote vilikuwa na chanzo kimoja.

Uamuzi muhimu uliofuata ulikuwa wa kutofanya kitu. Kituo cha awali kilikuwa kimependekeza MRI ya kichwa kutafuta uvimbe kwenye tezi ya chini ya ubongo. Iliahirishwa. Prolaktini iliyopanda kiasi hiki, kwa mtu ambaye thairoidi yake iko chini na asiye na maumivu ya kichwa wala tatizo la kuona, kwanza hutibiwa thairoidi. Isiposhuka, ndipo picha.

Projesteroni ilipimwa siku ya 28, siku saba kabla ya hedhi iliyotarajiwa, bila bayotini. Ilikuwa ng 8.1 kwa mililita. Zaidi ya 3 inaonyesha kuwa yai lilitoka. Klomifeni haikuhitajika.

Barua ya pili kwa bima

Kabla ya vipimo hivi vya damu, daktari aliandika ombi la kibali. Barua ilitaja mgonjwa ana maziwa yasiyo ya kunyonyesha, uchovu, kuongezeka uzito, kutovumilia baridi na hedhi kuchelewa; ilieleza kuwa kuna shaka ya ugonjwa wa thairoidi; na iliomba TSH, T4 na prolaktini. Mwishoni ilisema wazi kwamba wanandoa wanatafuta mtoto, na kwamba vipimo hivi vingehitajika hata kama wasingetafuta.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango, nayo ilikuwa ya kweli. Wapo wanaoshauriwa kuficha nia ya kupata mtoto ili kadi ipite. Ushauri huo ni mbaya, kwa sababu maelezo ya uongo kwa bima yanaweza kufuta mkataba wa familia nzima. Tena hauhitajiki, kwani ugonjwa wa thairoidi hauachi kuwa ugonjwa kwa sababu mgonjwa anatamani mtoto.

Kibali kilitoka. Marudio baada ya bayotini yalihitaji kibali cha pili, na maabara iliandika mistari mitatu ikieleza kwa nini jibu la kwanza haliaminiki. Hicho nacho kilitoka. Dawa ya levothairoksini, inayojaza upungufu wa homoni ya thairoidi, iliingizwa chini ya magonjwa ya kudumu. Kipimo cha shahawa, picha ya mirija na projesteroni havikulipiwa, na wanandoa hawakubishana, kwa kuwa hivyo vilikuwa ndani ya ukurasa wa yasiyolipiwa.

Kama kibali kingekataliwa, njia ilikuwa kuandika malalamiko kwa kampuni ya bima kwanza, ukitaka jibu la maandishi linalotaja kifungu cha mkataba, kisha kwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda, ambayo ina kitengo cha malalamiko. Barua ya kukataliwa yenye kifungu ina thamani kuliko simu kumi.

Mirija

HSG, picha ya mirija kwa eksirei na dawa ya kung'aa, ilifanywa siku ya 9, hedhi ikiwa imekwisha na yai halijatoka. Kabla yake wote wawili walipimwa klamidia na kisonono, kwa sababu kusukuma dawa kupitia mlango wa kizazi wenye maambukizi kunayapeleka juu. Mrija wa kulia ulipitisha. Wa kushoto haukupitisha mwanzoni kabisa, pale unapoanzia kwenye kizazi. Hapo mara nyingi huwa ni misuli imejikaza kwa maumivu, si kuziba. Haukufuatiliwa zaidi. Mke alisema baadaye kwamba hakuambiwa anywe dawa ya maumivu saa moja kabla. Angeambiwa, huenda picha ingekuwa safi zaidi.

Matokeo

Alianza levothairoksini mikrogramu 50, kidonge tumboni kukiwa tupu, nusu saa kabla ya chai, mbali na vidonge vya chuma na kalsiamu. Baada ya wiki nane TSH ilikuwa 5.1, dozi ikapandishwa hadi 75. Kipimo kilichofuata kilikuwa 1.9, chini ya 2.5 ambayo ndiyo shabaha kwa anayetafuta mimba. Prolaktini ilishuka hadi ng 17 bila bromokriptini, maziwa yakakauka, na mzunguko ukafupika kufikia siku 30.

Shahawa zilizorudiwa zilikuwa mililita 2.8, milioni 19 kwa mililita, asilimia 34 zinazokimbia mbele. Mume aliomba mapumziko yake yagawanywe yaendane na siku ya 11 hadi ya 16. Mwajiri alikubali kwa miezi minne. Mimba ilipatikana katika mwezi wa tatu wa mpango huo.

Uchambuzi

Haiwezekani kusema ni kipi kilicholeta mimba. Thairoidi ilitulia, mbegu ziliongezeka, na mume akawa nyumbani, vyote katika miezi ileile. Ukilazimika kuchagua, ratiba ina hoja yenye nguvu: yai lilikuwa likitoka hata kabla ya dawa. Lakini thairoidi isingeachwa bila tiba kwa hali yoyote, kwa sababu TSH ya 12.6 ni hatari kwa mimba yenyewe.

Kilichoharibu mwanzo ni kununua vipimo kabla ya kuuliza swali. Kifurushi kilitoa nambari sita, na kila nambari ikazaa dawa. Historia ya nusu saa na kalenda mbili zingeelekeza kwenye vipimo vichache vya mwanzo: TSH, prolaktini, projesteroni siku saba kabla ya hedhi, na shahawa. Kwa mwanamke wa miaka 32 ambaye hedhi yake inakuja, AMH haikuhitajika. Inakadiria akiba ya mayai na inasaidia kupanga IVF (kutungisha mimba nje ya mwili), lakini haitabiri nani atashika mimba kwa njia ya kawaida.

Marudio ya vipimo yalikuwa sahihi kila mara yalipotokana na mgongano kati ya mgonjwa na karatasi. Shahawa za asilimia 8 zilirudiwa kwa sababu ya safari ya matatu. Prolaktini ilirudiwa kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanatoka. Kurudia kwa ajili ya kutumaini jibu zuri ni jambo tofauti, nalo hula fedha.

Kliniki nayo iliacha mapengo. Suala la mirungi liliguswa mara moja tu. Mrija wa kushoto haukutolewa maelezo kwa maandishi, na mgonjwa akienda kwingine siku moja anaweza kuambiwa umeziba. Swali kuhusu virutubisho lilikuja baada ya damu kutolewa, si kabla, na bima ikalipa mara mbili.

Mimba ilipothibitishwa, aliongezewa vidonge viwili vya levothairoksini kwa wiki siku ileile, bila kungoja ziara, kama alivyoelekezwa mapema, na TSH ikapangwa kila wiki nne hadi katikati ya mimba. Wiki hiyohiyo mume aliomba jedwali la mafao ya uzazi kutoka kwa mwajiri. Lilikuwa na kipindi cha kungoja ambacho wao walikuwa wamekwisha kukipita, na kibali cha kliniki ya wajawazito kiliombwa kwa jina la hospitali iliyomo kwenye orodha, kabla ya ziara ya kwanza.